Mwongozo wa Kuamka Mkavu Makao Makuu

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haziendi mbali na milimita 600. Baada ya hapo kila tone lina mwenyewe. Maji ya visima vya Mzakwe huja mtaani kwa zamu, madumu ya njano yanapanga foleni kabla watu hawajaamka, na mwenye simtanki kule Nkuhungu anasalimiwa kwa heshima waliyokuwa wakipewa zamani wenye ng'ombe. Katika mji huohuo kuna vyumba ambamo maji hayajawahi kukatika. Hutoka kila usiku, kati ya saa nane na saa kumi, bila mita na bila zamu. Kasoro yake ni moja: hutokea kitandani, na kufua yalipopita kunahitaji yale ya Mzakwe.

Shuka moja, blanketi la manyoya na kitenge cha kujifunikia vinaweza kumaliza madumu mawili ya lita 20 kabla hujaligusa godoro. Kwa hiyo pampasi ya mtu mzima kuvuja usiku si suala la usafi peke yake. Ni suala la usimamizi wa rasilimali za maji, na ndiyo sababu limeandaliwa mwongozo. Kwa kuwa tuko makao makuu, mwongozo unafuata hatua za mradi wowote wa umma: upembuzi yakinifu, manunuzi, utekelezaji, ukaguzi. Posho ya kikao haipo. Chai ipo, ila isizidi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu zitakazoelezwa.

Walengwa ni baba aliyepata kiharusi, mama aliyeishi na kisukari miaka mingi, mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume na bomba bado halijarudi kufunga sawasawa, bibi ambaye magoti hayamfikishi chooni kwa wakati. Wadau ni wana na mabinti waliohama na wizara zao kuanzia 2016, wakajenga Ihumwa, Iyumbu au Nala, kisha wakawaleta wazee kutoka Mpwapwa na Manyoni waje kupumzika kwenye chumba cha wageni chenye godoro jipya. Mzee anapumzika. Godoro halipumziki.

Upembuzi yakinifu kwa kawaida hurukwa, na hilo si geni kwenye miradi yetu. Familia huanzia dukani. Lakini swali la kwanza ni kwa nini mzee anakojoa usiku, na jibu la "ni uzee" halipokelewi. Uzee ni umri, hauna kibofu. Maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyopanda, tezi dume iliyovimba mpaka kibofu kinajaa na kufurika chenyewe, choo kigumu cha wiki nzima kinachokikandamiza kibofu, dawa mpya ya presha: vyote hivi hulowanisha shuka kwa namna ileile, na kila kimoja kina tiba yake. Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, inapandikiza figo tangu 2018. Hawatazimia kusikia kwamba baba yako ni kikojozi. Mtu wa miaka 60 na kuendelea ana dirisha lake katika hospitali za umma, na bango la kuwataka wengine wampishe. Basi apelekwe akapishwe, badala ya kuwekewa akiba ya pampasi uvunguni.

Na ikiwa anayevuja ni mwanamke kijana, usiku na mchana, tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu, funga mwongozo huu. Huenda hiyo ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na tundu hilo huzibwa kwa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo, na kwa miaka mingi imekuwa ikimtumia mgonjwa nauli kwa M-Pesa ili asikwame kijijini. Wapo wanawake waliokaa chumba cha uani miaka na miaka huku ndugu wakijadiliana ni kitambaa gani kinanyonya zaidi. Hapo sina kejeli.

Mkishatoka kwa daktari, pimeni. Kipimo chake ni cha jikoni: weka pampasi kavu kwenye mizani, andika, asubuhi ifunge kwenye mfuko, ipime tena, toa. Gramu moja ni karibu mililita moja. Fanya hivyo siku tatu, na utakuwa na takwimu ambazo miradi mikubwa kuliko huu haina. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 300 hadi 500 kabla hakijaanza kupiga kelele. Kijana hutengeneza mkojo wake mwingi mchana. Kwa mzee, wa usiku unaweza kupita theluthi moja ya mkojo wote wa siku, kwa kuwa homoni inayoziamuru figo zipunguze kasi usiku hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Tena kuna miguu. Maji yaliyotuama kwenye vifundo kwa kukaa kitini kutwa nzima hurudi kwenye damu mtu akilala, na saa nane usiku figo zinapokea shehena. Namna ya kuyawahi ni mzee ajinyooshe alasiri, miguu ikiwa juu ya mito, ili shehena ishushwe kabla ya giza. Hakuna agizo linalotekelezwa na wazee kwa uaminifu kama hili. Kwa mara ya kwanza usingizi wao wa mchana umeingia kwenye mpango kazi.

Halafu kuna kipupwe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo hauombi ruhusa kuingia ndani ya sweta. Mwili ukipoa, damu huikimbia ngozi na kujikusanya katikati. Figo zinadhani maji yamezidi, zinayatoa. Mtu wa Dar es Salaam anayemleta mama yake Juni kisha akalalamika kwamba "huku ndiyo amezidi" hajakosea hesabu, amekosea mshtakiwa. Soksi na blanketi la pili ni vifaa vya kuzuia kuvuja, ingawa hutavikuta kwenye rafu ya pampasi.

Kuhusu vinywaji, nyumba nyingi zina sera moja: mzee asipewe maji. Sera hii hupitishwa na watu ambao wao wenyewe wanatembea na chupa ya lita moja na nusu. Matokeo yake ni mkojo mchache lakini mkali, unaokikera kibofu kikataka kujimwaga kila saa, pamoja na harufu, choo kigumu na kizunguzungu katika hewa kavu kama hii yetu. Mzee anywe maji yake yote, ila ayamalize asubuhi na mchana. Masaa mawili matatu kabla ya kulala apunguze. Chai ya rangi, kahawa, mvinyo wa zabibu zetu na wanzuki vyote hulegeza bomba. Kipande cha tikiti maji baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni hujuma. Kama kuna kidonge cha presha cha kukojosha, muulizeni daktari kama kinaweza kumezwa asubuhi. Msijihamishie saa wenyewe. Huo ni mradi wa mwenzenu.

Sasa manunuzi, mahali ambapo mradi hufia. Mtumishi wa umma wa makamo, shati limepigwa pasi, amesimama nje ya duka la dawa Majengo akijifanya anaongea na simu mpaka wateja wote wametoka.

"Karibu kaka, nikusaidie nini?"

"Naomba pampasi."

"Za mtoto?"

"Eeh. Za mtoto."

"Mtoto ana kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

Dada wa duka si mgeni wa mazungumzo haya. Anainama chini ya kaunta bila kucheka, anatoa pakiti mbili na kuuliza kiuno. Mteja hajui kiuno cha baba yake. Anajua namba ya kiwanja chake, namba ya NIDA na namba ya kumbukumbu ya malipo, lakini kiuno hapana. Anajibu, "Kubwa tu." Hivyo ndivyo mzee mwembamba wa kilo 58 anavyopelekewa XL, na hivyo ndivyo godoro linavyohukumiwa bila kusikilizwa.

Imani kwamba kubwa hubeba zaidi ndiyo chanzo cha mafuriko mengi. Kubwa hupwaya mapajani, na mkojo ukitoka haungoji kunyonywa, hutafuta upenyo. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, pima nyonga pale palipo panene, kisha chukua kipimo kikubwa kati ya hivyo viwili na ukilinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye pakiti. Kikiangukia katikati ya saizi mbili, nunua ndogo, mradi vibandiko vinafika mbele bila kuvutwa kwa nguvu.

Zipo za kuvaa kama chupi na zipo za kubandika pembeni. Ya chupi ina heshima zake, inafaa mchana kwa mtu anayetembea. Usiku, kwa mtu atakayelala hadi asubuhi, ya kubandika hukaza vizuri zaidi na hubadilishwa bila kumvua mtu nguo zote za chini. Mzee ataikataa kwa hoja kwamba inafanana na ya kitukuu chake. Hoja hiyo inajibiwa kwa historia. Tarehe 5 Mei 1961 Mmarekani Alan Shepard alifungwa mikanda juu ya roketi kwa safari ya dakika 15. Kwa kuwa safari ilikuwa fupi, hakuna aliyepanga habari ya choo. Kuruka kukacheleweshwa saa kadhaa, akaomba atoke, akakataliwa, akajikojolea ndani ya suti, akaenda angani hivyohivyo na kurudi shujaa. Siku hizi mwanaanga anayetoka nje ya chombo kufanya kazi huvaa pampasi ya watu wazima chini ya suti, awe mwanamume au mwanamke. Mwambie mzee kwamba hili ni vazi la kazi. Na ukitaka kumwonyesha kwamba hayuko peke yake, kampuni ya Oji Holdings ya Japani ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza za watoto kwa soko la nchi yake na kuelekeza nguvu kwenye za watu wazima. Wajapani wamehesabu watu wao wakaona wateja wako upande gani wa maisha.

Mililita zilizoandikwa kwa herufi nene kwenye pakiti zisome kama unavyosoma bajeti. Maabara huizamisha pampasi nzima kwenye kimiminika mpaka ishibe, huiacha ichuruzike, kisha huipima. Hakuna aliyeikalia, hakuna aliyegeuka ubavu. Hiyo ndiyo fedha iliyoidhinishwa. Fedha iliyotolewa ni kile kinachobaki ndani babu akijigeuza saa tisa usiku, na tofauti yake mtumishi yeyote wa wizara kule Mtumba anaweza kukueleza kwa uchungu. Kwa hiyo chagua ya usiku iliyoandikwa angalau mara mbili ya kile ulichopima kwenye mizani.

Sababu iko ndani ya pampasi yenyewe. Katikati ya kile kinachoonekana kama pamba kuna chembechembe nyeupe ambazo zikikutana na maji safi huvimba na kushika mamia ya uzito wake. Mkojo una chumvi, na mbele ya chumvi uwezo huo huporomoka hadi karibu mara 30. Isitoshe, chembechembe hizo zinahitaji muda wa kugeuka jeli, na kibofu kilichojaa kikifunguka hakitoi muda. Vikuta vya lastiki vya ndani vimewekwa kwa ajili ya dakika hiyo: kuuzuia mkojo usikimbie mpaka chembechembe zifike kazini.

Wenye uwezo huagiza katoni nzima kutoka Kariakoo, na tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 katoni hizo husafiri na abiria wanaozitambulisha kwa majirani kuwa ni vifaa vya ofisi. Bei yake ni mzigo, hakuna utani hapo. Bunge letu, ambalo kutoka Majengo ni nauli ya bodaboda moja, liliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei hazikushuka. Kwa pampasi za wazee, ninamngoja mheshimiwa mmoja jasiri asimame na swali la nyongeza. Wapo wengi mle ndani wenye umri wa kulielewa.

Utekelezaji unaanza na swali ambalo kwenye pakiti halimo: nani atamvalisha? Mke wa mtoto hawezi. Baina ya mkwe na baba mkwe hata kupishana mlangoni kuna utaratibu wake, na kumwambia akafungue vibandiko ni kuvunja nyumba mbili kwa mpigo mmoja. Mtoto wa kiume anaweza lakini hafanyi, ana kikao. Anayebaki ni mjukuu mkubwa, ambaye mila imempa kibali cha utani na babu yake. Ndiye mkandarasi halali.

"Shikamoo babu. Nimekuja kufunga."

"Marahaba. Jana ulifunga ukaacha dirisha."

"Si lile la wazee, babu?"

Wakishamaliza kucheka, kazi ni rahisi. Kwanza mzee akojoe. Apumzike kidogo, akojoe tena. Kwenye kibofu cha zamani daima kuna salio. Ndipo avalishwe, dakika chache kabla ya taa kuzimwa, kwa sababu pampasi iliyovaliwa tangu magharibi ikifika saa nane usiku imeshatumia nusu ya bajeti. Ifungue, ikunje kwa urefu mpaka vikuta vya ndani visimame wima. Mzee alale ubavu, ipitishwe kutoka mbele kwenda nyuma; kwa mwanamke usigeuze mwelekeo huo, maana uchafu wa nyuma ukiletwa mbele ndiyo mwanzo wa maambukizi. Arudi chali. Nyuma ipande hadi kiunoni, isiishie kwenye makalio.

Hapa waelekezaji wengi hukohoa na kufungua ukurasa mwingine. Sisi hatukohoi: uume uelekezwe chini. Ukiachwa unatazama juu au pembeni, mkojo utatokea kiunoni, na hakuna saizi wala bei itakayouzuia. Kama mikono ya mzee inafanya kazi, ajipange mwenyewe, mjukuu atazame ukuta.

Vibandiko vya chini vifungwe kwanza, vikielekea juu kidogo vikumbatie paja. Vya juu vifuate, vikielekea chini. Pitisha kidole kuzunguka kila paja ili malinda ya lastiki yatoke nje, kwa kuwa linda moja lililokunjika kwa ndani linatosha kufanya kazi ya mfereji hadi kwenye shuka. Kiunoni vidole viwili vipite. Chupi ya kubana ivaliwe juu ya pampasi, kamwe si chini yake. Pampasi nyingi zina mstari nje unaobadilika rangi zikilowa. Ukibadilika nusu tu, muache mtu alale. Kumwamsha mzee kila baada ya masaa mawili kwa ajili ya ukaguzi wa kushtukiza ni kumnyima usingizi kwa kosa ambalo hajalifanya.

Na kama mzee anaweza kukaa kitandani na kushika kitu, mpeni kopo lenye mfuniko. Wengi wamevalishwa pampasi kwa sababu tu choo kiko uani na njia ina giza na mbwa wa jirani. Kopo ni teknolojia ya mababu, halihitaji saizi.

Mtaani kuna mafundi wenye marekebisho yao. La kwanza ni kuvaa mbili. Pampasi ya ndani ina plastiki mgongoni. Ikishiba, mkojo haufiki kwa ya nje bali hutokea pembeni. Ni kama kumwagilia bati ukitegemea mahindi yaliyo chini yake yaote. Anayehitaji nyongeza atafute pedi isiyo na plastiki nyuma, ailaze ndani ya pampasi. Akiikosa, atumie pampasi ndogo ya ndani aliyoipasua plastiki yake katikati sehemu kadhaa, ili mkojo ushuke. La pili ni kupaka mafuta ya mgando mpaka mtu ang'ae. Mafuta yanalinda ngozi, lakini yakiwa mengi huhamia kwenye pampasi na kuziba pale panaponyonya, kisha familia inalaumu kiwanda. Tabaka jembamba linatosha, kwenye ngozi iliyooshwa na kukauka. Poda huganda mikunjoni, iacheni. La tatu, na hili ningependa lipigwe marufuku na kijiji, ni kumfunga mzee nailoni juu ya pampasi. Godoro linabaki kavu, ngozi inaiva. Kidonda kwenye makalio ya mtu asiyeweza kujigeuza kinaweza kukaa miezi, na hakuna godoro lenye thamani hiyo.

Godoro lenyewe lisiachwe bila ulinzi. Tunakaa kwenye mji ambao jina lake linauza magodoro nchi nzima, na sponji haisahau. Kilichoingia ndani hakitoki kwa jua peke yake, na godoro lililoegemezwa ukutani saa tatu asubuhi ni tangazo kwa mtaa mzima. Nenda duka la dawa ununue ule mpira ambao akina mama huambiwa waende nao kujifungua. Hakuna haja ya kufunika kitanda chote. Utoke usawa wa mgongo hadi magotini, ingiza kingo chini ya godoro, na juu yake tandika khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili ili ngozi isigusane na mpira. Nyumba zenye busara hupanga tabaka mbili: mpira na shuka, kisha juu yake mpira mwingine na shuka jingine. Likitokea la kutokea saa tisa usiku, unavuta seti ya juu, ya chini iko tayari, na hakuna anayewasha taa ya sebuleni wala kuita kikao cha dharura. Utaratibu huu unafaa zaidi pale ambapo vyumba havitoshi na mjukuu mdogo wa miaka minne amepangiwa kulala na babu, kwa maelezo rasmi kwamba anamwondolea upweke.

Asubuhi linabaki suala la taka. Zamani pampasi iliyotumika iliondoka ndani ya mfuko wa rambo mweusi, na hakuna aliyeuliza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mifuko iliyokuja badala yake ina matundu kiasi kwamba jirani anaweza kusoma mpaka saizi. Kunja pampasi kwa ndani, ifunge kwa vibandiko vyake, izungushie gazeti. Isiende chooni: kwenye choo cha shimo haiozi, na kwenye choo cha kuvuta itazivimbia bomba kwa zile chembechembe tulizozisifia hapo juu. Isiwekwe nje usiku wa kuamkia siku ya gari la taka, maana mbwa wa Chang'ombe hawana siri. Itolewe gari likiwa linapiga honi, ipande, iende zake dampo la Chidaya.

Kilichobaki ni ukaguzi, na huu hufanywa kabla shuka halijatolewa. Shuka kavu ni hati safi. Shuka lenye doa ni hati yenye mashaka, na doa lina maelezo yake ukilisoma vizuri. Likiwa ubavuni upande mmoja, mzee analalia upande huo na pampasi imelegea pajani hapo. Kaza kibandiko cha chini, au pedi ya nyongeza isogezwe upande huo. Likiwa mgongoni, nyuma haikupandishwa vya kutosha. Likiwa tumboni kwa mwanamume, rudini kwenye aya ambayo wengine hukohoa. Mapaja yote mawili yakiwa yamelowa na pampasi haijajaa, saizi ni kubwa. Yakiwa yamelowa na pampasi imejaa mpaka inaning'inia, saizi ni sawa ila uwezo ni mdogo, au jana usiku kuna mtu alimpa mzee tikiti maji na hataki kusema. Harufu kali iliyoanza ghafla, homa, au damu si hoja ya ukaguzi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Na doa likiwa kule chini kabisa, miguuni kwa mzee, na pampasi yenyewe umeifungua ukaikuta nusu kavu, muulizeni yule mwenye miaka minne. Anajua alichofanya, na ameshajua pia nani huwa analaumiwa.